Mkanda Ndani ya Pipa la Kabichi

Siku nzuri ndiyo iliyotaka kumuua mjomba wangu Rangel. Siku mbaya zisingemdhuru. Siku ya ukungu na upepo angekaa nyumbani kwa bibi akalaumu nyonga yake, akailaumu serikali, na jioni tungekuwa naye mezani. Lakini Machi ile alipewa siku moja ya jua, safi kama sahani iliyotoka kufutwa, naye alikuwa ameingoja mwaka mzima.

Kwetu Suhodren, Machi si mwezi tu. Ni kikongwe, Bibi Marta, anayenuna bila sababu na kucheka bila sababu, na kila mtu huchagua siku moja katika zake kabla mwezi haujaanza. Hali ya hewa ya siku hiyo ndiyo mwaka wako. Likiwaka jua, umepata. Ikinyesha, vumilia. Siku unaitangaza mbele ya watu, kwa kawaida ukiwa na glasi ya rakia, pombe yetu kali, mkononi, na ukishaitangaza hubadilishi. Halafu unafunga uzi mwekundu na mweupe mkononi, unasubiri. Mimi nina diploma ya mambo ya theluji na milima, nimeisomea mjini Sofia, nami uzi nafunga na siku nachagua kama wengine. Anayetaka kucheka acheke.

Mwaka uliotangulia mjomba alichagua tarehe mbili, na ukungu ukashuka hadi akashindwa kuliona banda lake mwenyewe. Mwaka wake ukawa hivyohivyo. Nyonga iliteguka, mbwa akafa, uyoga ukakataa kuota, na mkewe, Shangazi Ginka, akaenda Italia kumtunza mzee mmoja wa Bergamo. Alisema anaenda kwa majira ya kiangazi. Kiangazi kikaisha, theluji ikaanguka, na yeye bado yuko Bergamo anampikia mzee wa watu supu. Hawakuwa wameachana. Walikuwa wamegombana kuhusu pikipiki ya theluji, ambayo mjomba aliifuta kila jioni kwa kitambaa laini, wakati miwani ya mkewe, kwa maneno ya Shangazi mwenyewe, haikuwahi kufutwa hata kwa kiganja.

Siku ya mwaka mpya Shangazi alipiga simu, akamwambia kwa kejeli achague siku ya maana safari hii; likiwaka jua, atarudi kabla ya Pasaka. Sote tuliokuwa mezani tulijua anatania. Mjomba peke yake hakujua. Alichagua tarehe kumi na mbili. Kisha, baani kwa Momchil, akatangaza kwamba siku hiyo atapanda na pikipiki yake hadi kwenye msalaba wa chuma juu ya Kofia ya Kasisi, aufunge uzi wake pale, na ampigie Ginka simu akiwa huko juu. Huko mtandao unashika vizuri. Hilo hata mimi siwezi kulipinga.

Kofia ya Kasisi ni mteremko ulio juu ya kijiji, mpana, mkali, laini, hauna mti hata mmoja. Watalii huuliza kwa nini miti haioti pale. Huota. Haidumu.

Kazi yangu ni kuichimba theluji na kuisoma. Januari ile ilikuwa ya baridi kavu, na theluji ya chini ikageuka chembechembe kama sukari, haishikani hata ukiifinya. Mwanzoni mwa Machi ikaanguka theluji nyingine juu yake, nyingi, siku baada ya siku. Kisha upepo kutoka upande wa Ugiriki ukaisukuma yote kwenye Kofia ya Kasisi na kuigandamiza mpaka ikawa kama ubao. Fikiria mlango uliolazwa juu ya gololi, na mlango wenyewe umeinamishwa. Unakaa. Unaweza kukaa siku nyingi tu. Shida ni mtu wa kwanza kuukanyaga: theluji yote huporomoka naye.

Siku mbili kabla ya siku ya mjomba nilipanda kwa skii hadi pembeni mwa mteremko, mahali penye usalama, nikachimba shimo, nikakata mhimili wa theluji, nikaweka koleo juu yake na kuanza kugonga. Unagonga kwanza kwa vidole, halafu kwa kiwiko, halafu kwa bega. Nilikuwa bado kwenye vidole ubao ule ulipochomoka na kuteleza mpaka miguuni pangu kama droo. Wakati wa kurudi theluji ikaguna chini yangu, mguno mzito, kama mtu mnene anayejitupa kwenye kochi kuukuu. Sikutaka ushahidi mwingine. Nilishuka, nikaandika kiwango cha hatari kwenye ubao wa matangazo ulio nje ya duka: nne, na kipimo chetu mwisho wake ni tano.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu shule zetu. Alama zinaanza mbili na kuishia sita. Mbili umefeli. Nne ni "vizuri." Kwa hiyo nilipotoka kunawa mikono nilikuta watu wamekusanyika mbele ya ubao wangu wakiupongeza mlima.

"Nne," alisema mjomba, akinipiga begani. "Mimi sikuwahi kupata nne maisha yangu yote. Ningeipata, mama angechinja jogoo."

"Mjomba, hapa si shuleni. Nne hapa maana yake usiende."

"Basi andika usiende, mwanangu. Watu hawasomi mawazo."

Niliandika USIENDE kwa herufi kubwa. Kesho yake asubuhi mtu alikuwa ameongeza "shule" mbele yake, na watoto wa mwalimu mkuu walikuwa wamesimama pale wakiusoma ubao kwa matumaini makubwa.

Jioni ya tarehe kumi na moja upepo ulikatika. Mawingu yakaondoka upande wa magharibi kama wageni walioshiba, na anga ikabaki tupu. Mjomba alikuwa uani kwa bibi, ninakoishi mimi na anakolala yeye tangu mkewe aondoke, ameinua uso juu na machozi yanamlenga. Nilimfuata nikamweleza. Nilimweleza habari ya sukari, habari ya mlango na gololi, habari ya vidole na droo. Nilimwambia jua la kesho halibadilishi kilichoko chini, na kwamba watu wengi wanaokufa kwenye theluji yetu hufa siku nzuri baada ya dhoruba, kwa sababu siku mbaya hakuna anayetoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mjomba si mtu wa kukatiza watu. Kisha akaniambia polepole, kama unavyomwambia mgonjwa, kwamba Bibi Marta hawezi kumchekea mtu usoni halafu amzike saa hiyohiyo.

Nilikwenda kwa bibi, mama yake, Bibi Stoyna, aliyekuwa jikoni akikunja banitsa, mkate wetu wa matabaka wenye jibini. Nilimwomba amkataze mwanawe. Bibi alisema mwanaume mwenye mke Italia hakatazwi, anaombewa tu. Akaendelea kukunja.

Kwa hiyo asubuhi, kabla nyumba haijaamka, niliingia bandani na kuutoa mkanda wa pikipiki ya theluji. Ni mkanda wa mpira, mpana, ndio unaopeleka nguvu ya injini kwenye mnyororo. Bila mkanda, injini inanguruma vizuri sana na hakuna kinachokwenda popote, kama mkutano wa baraza letu la kijiji. Nilitaka kuuficha chini ya godoro langu. Lakini nilipofika kwenye chumba cha chini, ambacho lazima ukipite, nikasikia mjomba anakohoa kwenye ngazi.

Mkanda ule ni mkubwa, hauingii mfukoni wala chini ya sweta. Mbele yangu lilikuwa pipa la bibi la kabichi ya chumvi, ile ya kutuvusha majira ya baridi. Niliinua jiwe lililokandamiza kabichi, nikauzamisha mkanda, nikarudisha jiwe, nikashika ufagio.

Mjomba aliingia akiwa tayari na kofia ngumu kichwani na kikombe mkononi. Usiku alikuwa ameisherehekea siku yake mapema, na dawa ya kichwa kwetu ni maji ya kabichi.

"Unafanya nini huku?"

"Nafagia, mjomba."

"Tangu lini wewe ukafagia?"

Niliendelea kufagia. Alichota kikombe, akanywa, akasimama. Akaramba midomo. Akatazama ndani ya pipa kwa muda ambao mimi niliuona mrefu.

"Kabichi ya mwaka huu ina ladha ya gari," alisema.

Nilisema labda ni chumvi. Alifikiri kidogo, akachota kikombe cha pili kwa sababu kichwa kilikuwa kinakidai, akapanda juu akilaumu chumvi ya siku hizi.

Muda mfupi baadaye injini ilinguruma, ikanguruma zaidi, ikanyamaza. Kisha mjomba akanguruma yeye.

Alipekua banda. Alipekua gari la jirani. Alimshuku Momchil, mwenye baa, ambaye naye ana pikipiki ya theluji ya kukodishia watalii, akaenda baani na kofia yake kichwani, na nusu ya kijiji nyuma yake, kwa sababu jua lilikuwa linawaka na hakuna aliyetaka kukaa ndani. Momchil aliapa kwa mama yake kwamba hajauona mkanda wa mtu. Momchil ni mtu mwema na hiyo ndiyo hatari yake. Alipoona sura ya mjomba alitoa ufunguo wake mfukoni akaunyoosha.

"Chukua yangu, mjomba. Tangi limejaa. Siku isiharibike."

Mkono wa mjomba ulianza kuinuka. Niliuona unainuka. Nyuma ya bega lake Kofia ya Kasisi iling'aa, nyeupe, imetulia, na msalaba juu yake kama sindano. Nilijua kwamba dakika chache baadaye atakuwa katikati ya mlango ule, na injini nzito chini yake, na gololi zote zitaanza kutembea. Maelezo nilikuwa nimemaliza jana. Takwimu hazikuwa na kazi tena. Nilisema nilichokuwa nacho.

"Momchil, siku yako wewe ilikuwa lini?"

"Tarehe nne."

"Na Bibi Marta alikupa nini?"

Momchil aliutazama ufunguo wake. Kijiji kizima kilijua. Alipewa mvua ya mawe iliyovunja kioo cha baa.

"Basi, mjomba, siku ni yako na mashine ni ya Momchil," nilisema. "Ukipanda nayo juu, Marta atahesabu siku ya nani? Unampelekea Shangazi jua, au unampelekea mvua ya mawe?"

Hayo hayamo katika diploma yangu, lakini niliyasema kwa sauti ya diploma. Kisha Bibi Stoyna, aliyekuwa amefuata na banitsa yake kwenye sinia, akasema mtoto anasema kweli, siku yako huazimi kitu. Mjomba aliurudisha mkono polepole, kama mtu aliyegundua sufuria ni ya moto. Momchil akaurudisha ufunguo mfukoni na kuonekana amezeeka.

Kisha nikasema yote. Mkanda nimeuchukua mimi. Nimeuchukua kwa sababu mteremko ule umeshikwa na unywele mmoja, na mjomba akiukanyaga utashuka naye. Sikusema umefichwa wapi.

Nilitegemea makelele. Badala yake watu waligeuka wote kwa pamoja wakautazama mlima. Mtu akauliza utashuka saa ngapi. Nilisema siwezi kujua. Akauliza kama ni kabla ya chakula cha mchana au baada. Niliinua mabega, naye akadhani ni baada, akaenda kuleta kiti.

Mchana ule Suhodren nzima ilikaa nje ya baa, imeupa mlima uso, kama wageni wa harusi wanaomngoja bwana arusi. Walileta viti, walileta mabenchi, walileta mbegu za alizeti, na maganda yakaanza kurundikana chini. Mjomba alikaa mstari wa mbele na kofia yake kichwani. Hakuivua. Momchil alisema hajawahi kuuza bia nyingi hivyo mwezi wa Machi, akaninong'oneza akiuliza kama ningeweza kutangaza maporomoko na Jumamosi.

Mlima haukufanya kitu.

Jua likapanda, jua likasimama, jua likaanza kuteremka. Kila kipande cha theluji kilipodondoka kutoka paa la baa, watu walishtuka wote, wakachekana. Ndipo akatokea mbweha. Alitoka kwenye miamba upande wa kushoto, mdogo, mwekundu, akaanza kukatiza Kofia ya Kasisi katikati kabisa, bila haraka, kama karani anayerudi nyumbani. Watu waliacha kutafuna. Mbweha alifika katikati, akakaa, akajikuna sikio. Nilijikuta nimeshika kiti kwa mikono yote miwili. Akainuka, akaendelea, akafika upande wa pili, akaingia msituni. Kijiji kilipiga makofi.

Mjomba aligeuka kunitazama. Nilimwambia mbweha ana uzito wa paka. Mtu wa nyuma akasema basi tumpandishe mbweha kwenye pikipiki tumwone. Walicheka mpaka mwalimu mkuu akapaliwa na mbegu.

Jua lilipogusa kilima cha magharibi simu ya mjomba iliita, simu ya video. Alikuwa Shangazi Ginka, kutoka Bergamo, na nyuma yake mzee wake wa Kiitaliano akila supu. Aliuliza hali ya hewa. Mjomba aliigeuza simu tu, akamwonyesha anga yote, kipande kwa kipande, hata kile kilicho nyuma ya choo cha baa. Shangazi alitazama. Akauliza kwa nini basi yuko chini kwenye kiti wakati aliahidi kupiga akiwa msalabani.

"Mpwa wako kaniibia mkanda," mjomba alisema. "Anasema ningekufa."

Shangazi alivua miwani yake. Mzee wa Bergamo naye aliacha kijiko.

"Mimi nilisema narudi siku ikiwa njema," alisema. "Sikusema nakuja kuchimbua mtu. Nikate tiketi au nisikate?"

"Kata," mjomba alisema.

Watu walitazama chini, kila mtu akitafuta mbegu kwenye kiganja chake. Kisha Shangazi akauliza kama niko karibu, nikasogea kwenye simu, nikidhani nitashukuriwa. Akaniambia nimwombe mjomba wangu radhi, siku ya mtu si kitu cha kuchezea, na kwamba namjua alivyo, ataninunia mpaka vuli.

Jioni ile tulikula kwa bibi. Ilibidi niseme mkanda uko wapi, kwa sababu bibi alikuwa anakwenda kuchota kabichi. Mjomba aliuinua kutoka kwenye pipa, mrefu, unatiririka, na jani moja limening'inia. Akautazama, akakitazama kikombe chake cha asubuhi kilichokuwa bado mezani, na nikaona anakumbuka. Bibi aliipika kabichi vilevile, na mbavu za nguruwe, kwa sababu chakula hakitupwi. Mjomba alikula sahani mbili, akasema ina ladha ya gari, akaomba ya tatu.

Kisha akafuta mdomo, akatoa hukumu yake. Niombe radhi mbele ya hawa waliopo, yaani yeye, bibi na Momchil aliyekuja na mvinyo wa amani. Nisipoomba, hatanibeba tena kwenye pikipiki kwenda kuchimba mashimo yangu. Nitapanda kwa miguu yangu na koleo langu mgongoni. Aliyasema bila hasira, kama mtu anayesoma bei dukani, na nilijua hatabadilisha.

Momchil alijaribu kusuluhisha. Alisema labda si lazima iwe kwa mkanda. Kwa mkanda kila mtu ana maoni yake. Labda niombe radhi kwa kabichi tu. Kabichi haikuwa na kosa. Mjomba alifikiri, akasema kwa kabichi atakubali. Bibi alisema pipa lile limebaki nusu na sasa maji yake itabidi ayamwage, na alinitazama kwa macho yale ambayo yamewahi kuwafanya makasisi wawili waombe msamaha.

Nitasema ukweli wote. Kofia ya Kasisi haikuporomoka kesho yake, wala wiki iliyofuata. Iliyeyuka polepole mpaka Mei, tone kwa tone, kwa adabu zote, na hakuna aliyewahi kujua kama ingemfunika mjomba au ingemwacha apite kama mbweha. Mimi pia sijui. Shangazi Ginka alirudi wiki moja kabla ya Pasaka, na mjomba alikuwa kituo cha basi amenyoa ndevu, amesimama kwa miguu yake yote miwili. Siku hizi hufuta miwani ya mkewe kwanza, pikipiki baadaye. Nami napanda kwa skii, koleo mgongoni, na mjomba akinipita njiani hupiga honi na hasimami.

Lakini jioni ile mezani nilikuwa sijayajua hayo. Nilijua tu kwamba upande wa pili wa meza yuko mtu mzima, mzito, mkaidi, ana sosi kidevuni, ananing'ang'ania niombe radhi. Nilivuta sahani yangu.

"Siombi," nilisema. "Kwa mkanda siombi, na kwa siku yako siombi."

"Na kabichi?" aliuliza bibi.

"Hata kwa kabichi, bibi. Nipe mkate."